Langi Nyekundu

Mbuya, pale barabara inapoacha kupanda kwenda kambini na kuanza kuteremka kuelekea Kinawataka, pana benchi lililokuwa la kanisani. Mguu mmoja ulivunjika, padri akalitoa, na Aciro akaliwekea matofali mawili kisha akateleka kahawa ya tangawizi mbele yake. Wanaokaa hapo wanapaita Makao Makuu Ndogo, kwa kuwa yale makubwa ya jeshi yako juu ya kilima. Mzee Habib, muuza vitambaa ambaye babu zake waliletwa Uganda na biashara kutoka pwani, ameeleza tangu siku ya kwanza kwamba makao huwa madogo, hayawi ndogo. Ndiyo maana wakamwita Kamusi. Jina la kijiwe hakuna aliyelibadilisha, lakini ile ncha ya benchi isiyotikisika huachiwa yeye kila siku, hata akichelewa. Aciro huliona jambo hilo kila asubuhi, akafurahi peke yake bila kulisema.

Jumamosi hiyo ncha ilikuwa bado tupu. Sajini mstaafu Oyat, ambaye kila mtu humwita Afande, alinyoosha kikombe, Aciro akamimina, akamimina, mpaka kahawa ikajaa kisahani na kuanza kutafuta viatu vya Afande.

— Mama Goretti, unanipa kahawa ama unaniosha miguu?

— Nisamehe, Afande. Akili haipo.

— Imeenda wapi?

— Msituni.

Afande aliinua miguu yake kutoka kwenye kahawa, akangoja aelezwe. Aciro akaeleza. Jumatatu darasa la binti yake Goretti linakwenda kuuona ule msitu wa serikali ulio njia ya Jinja. Mwalimu anataka jibu kabla ya saa sita mchana. Mzazi asiyejibu, jina la mtoto wake linafutwa kwenye orodha ya basi. Baba Goretti yuko kazini Karamoja, mahali ambapo simu hushika mtandao inapojisikia. Mara ya mwisho iliposhika alisema: wewe ndiye unayemwona mtoto, amua.

— Basi amua, alisema Sufian. Huyu ni wa bodaboda, na wanamwita Gugo kwa sababu hakuna jambo ambalo simu yake haijamwambia. — Sasa hivi ni saa nne. Bado una muda mingi sana.

— Kuna kitu sikielewi kwenye ujumbe wa mwalimu.

— Kilete hapa. Ndiyo kazi yetu.

Aciro alifuta mikono kwenye kitenge, akaitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaiweka juu ya benchi. Sauti ya Mwalimu Namata ikatoka, nyembamba, kama mtu anayesema ndani ya debe.

— Wazazi, habali zenu. Jumatatu mtoto avae viatu ya kufunika na soksi ndefu juu ya suluali, siafu iko. Asirishe nyani chakula. Pale getini tutaandika majina yote kwa kitabu, na tukitoka tutaandika tena. Mvua irianguka sana, miti imerala njiani, njia zingine zimefungwa. Sisi tunafuata langi nyekundu tu. Mtoto akipotea, asikimbie. Asimame pale kwa langi ya mwisho, aite. Tafadhali jibuni.

Aciro akaichukua simu.

— Soksi nimeelewa, alisema Aciro. — Nyani nimeelewa. Huyo Langi nyekundu ni nani?

Afande Oyat alicheka, akakaa vizuri, kama mtu aliyeulizwa swali alilolisomea.

— Mama Goretti, wewe Mwacholi mwenzangu unaniuliza Langi ni nani? Si majirani zetu? Watu ya Lira kule. Na nyekundu ni wale wenye ngozi ya maji ya kunde. Kikosini nilikuwa na mmoja, Okullo. Nyekundu kama tofali.

— Sasa anafanya nini msituni?

— Ulinzi. Msitu ya serikali, lazima kuwe na mtu. Wameweka Langi.

— Na hiyo ya Langi ya mwisho?

— Wako wengi, alisema Afande, na sasa alikuwa anachora kwa kidole juu ya ubao wa benchi. — Wanapangwa kwa mstari. Mmoja hapa, mmoja kona hii, mmoja kwa mto. Mtoto anatoka kwa Langi moja, anafika kwa Langi ingine. Akipotea, anarudi kwa ile ya mwisho, anasimama. Hiyo ni mbinu ya jeshi kabisa.

— Na kama Langi ameenda kujisaidia? aliuliza Sufian.

— Anaacha kofia.

Sufian alikubali jambo la kofia. Lakini alikuwa na lake.

— Mimi nawaambia kwa nini wanataka nyekundu. Simu ilisema, nyani wanaogopa rangi ya moto. Wakiweka mtu mweusi tii kama Afande, nyani wanafikiri ni kivuli, wanamkalia.

— Mimi nyani ataniogopa kwa cheo.

— Na miti ya kule inakula mtandao, Afande. Nilipeleka abiria mpaka pale wanapouza kuku wa kuchoma kwa vijiti. Nilipopita tu ile miti, simu ikawa kipande cha sabuni. Ndiyo maana wanatumia watu. Langi hataki chaji.

— Penye miti hapana wajenzi, alisema Afande kwa uzito. — Maana yake, ukipotea pale hakuna fundi hata mmoja wa kumuuliza njia.

Aciro alikuwa anakoroga sukari kwenye kikombe kisicho na mtu. Kwake yeye jambo lilikuwa linazidi kuwa baya. Mtoto wa miaka tisa. Mwanamume mzima asiyemjua, ndani ya miti, na mtoto ameagizwa asimame kando yake.

— Lakini nyani wenyewe, alisema. — Si wanaweza kumkwaruza?

— Nyani haoni kundule, alisema Sufian. — Wahenga walishasema. Hawaoni nyuma. Mtoto apite nyuma yao.

Hapo ndipo Mzee Habib alipofika, kanzu yake imeshikwa kwa vidole viwili isiguse vumbi. Afande alisogea ingawa hakuwa amekaa kwenye ile ncha. Aciro akammiminia kahawa, safari hii bila kumwaga, wakamsimulia yote. Hawakumchezea ujumbe, Sufian alidai anaukumbuka neno kwa neno.

— Kwa hiyo Hajji, wanafuata Langi nyekundu. Kila kona Langi.

Mzee Habib alitikisa kichwa kwa huzuni.

— Mwekundu.

— Nani?

— Mtu hawi nyekundu, Sufian. Nyumba ni nyekundu. Meza ni nyekundu. Mtu ni mwekundu. Langi mwekundu.

— Hajji, Kampala nzima hakuna mtu anasema mwekundu. Hapa kila kitu ni nyekundu.

— Ndiyo maana mnapotea, alisema Mzee Habib, akapuliza kahawa. — Tena, mkitaka Kiswahili chenyewe, hao ni watu wa Lango. Wengi ni Walango. Mmoja ni Mlango.

Sufian aliyaunganisha maneno mawili hayo.

— Mlango mwekundu.

— Naam.

— Sasa ndani ya msitu kuna mlango?

— Nimesema mtu.

— Hapana, Hajji, ngoja. Mwalimu amesema kuna geti. Kuna kitabu. Njia zimefungwa. Zimefungwa na nini kama si mlango? Banange, huo msitu una milango. Na wa mwisho ndipo mtoto anasimama na kuita.

— Anamwita nani? aliuliza Afande.

— Wa upande wa pili.

Hata Sufian mwenyewe alionekana kuogopa alichokisema. Pikipiki mbili zilipita, na vumbi likatua taratibu juu ya sinia la mandazi.

Aciro alilifunika sinia. Kitu kilichokuwa kinamuuma hakikuwa mlango, wala Langi. Kilikuwa ni neno moja la Mwalimu Namata ambalo wenzake walikuwa wamelipita kama jiwe la barabarani: asikimbie.

Yeye alikua kaskazini katika miaka ya vita. Akiwa na miaka saba, mama yake alimfundisha sheria tatu za msituni, akazirudia mpaka mtoto akawa anazisema akiota. Usisimame. Usiite. Usilie. Na mchana mmoja sheria hizo zilihitajika. Mama yake alimsukuma kwenye mtama akasema kimbia, naye akakimbia mpaka mtama ukaisha, majani yakaisha, miti ikaanza. Aliyemwona huko alikuwa mwanamke ambaye hata sasa hajui jina lake. Mwanamke yule alimpa maji kwenye kibuyu, hakumuuliza yeye ni wa nani, alimshika tu mkono wakatembea mpaka kwa watu. Kwa hiyo Aciro alipopata mtoto, alimpa alichokuwa nacho. Goretti, ukiona jambo, kimbia. Usigeuke.

Na sasa mwalimu anasema mtoto asimame, tena apige kelele.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Afande Oyat, akiwa anamtazama Aciro kwa upole. — Maana yake, kama unaogopa mtoto atalia, lia wewe kwanza, halafu mpeleke.

— Maana yake siyo hiyo, alisema Mzee Habib.

— Hajji, leo niachie moja.

Aciro aliishika simu. Alikuwa ameshapata maneno. Angesema Goretti ana homa. Uongo mdogo, na Mungu anajua kwa nini. Jumatatu mtoto angelia kidogo, angemnunulia kabalagala, andazi la ndizi, siku ingepita. Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kurekodi.

— Nnyabo, mama, kuna kahawa ya kubeba?

Alikuwa mwanamke mgeni, mtoto mchanga mgongoni, chupa ya chai mkononi. Akasema anaitwa Zubaida, amehama kutoka Luzira wiki hii, mume wake anapiga rangi chumba na hataki kushuka kwenye ngazi mpaka apate kahawa. Sufian alisimama akampa nafasi akae. Afande akaichukua chupa mkononi mwake ili aweze kumtengeneza mtoto vizuri mgongoni. Na wakati Aciro anamimina, wakamweleza kisa chote: Walango, kofia, nyani, milango. Zubaida aliwasikiliza mmoja mmoja, kama mtu anayepokea wageni.

— Na mtoto mwenyewe, aliuliza, akipotea atafanya nini?

Afande alianza tena kueleza mbinu ya jeshi. Sufian aliiuliza simu yake.

— Hamjamuuliza?

Hawakuwa wamemuuliza. Toka saa nne walikuwa wamempitisha Goretti katika msitu mzima, nyuma ya nyani na mbele ya milango, na mtoto mwenyewe alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, nyuma ya nyumba, anasugua viatu.

— Goretti, aliita Aciro.

— Wangi, mama.

Alikuja mbio, brashi mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Akawapigia magoti wazee, akamsalimia Zubaida, akamchungulia mtoto mchanga. Aciro akamchezea ujumbe. Goretti alisikiliza kichwa kikiwa upande.

— Ee, alisema. — Alituambia jana.

— Huyo Langi nyekundu aliwaambia ni nani?

Mtoto aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akitafuta nani anamtania.

— Mama, ni rangi. Wamepaka miti. Njia ndefu ni bluu, njia fupi ni nyekundu. Mwalimu anasema langi kwa sababu ni Muganda, ulimi wake unafanya hivyo. Darasani tuna langi ya maji na langi ya nta.

Sufian ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaliegemea benchi, likateleza kwenye tofali. Afande Oyat alijikaza kwa heshima ya cheo, akashindwa, akafuta macho kwa kofia. Zubaida alicheka kimya, mabega tu, asimwamshe mtoto.

— Okullo, alisema Afande, — nisamehe popote ulipo. Nimekusimamisha msituni bure.

Mzee Habib peke yake hakucheka. Alikuwa amekiweka kikombe chini.

— Rangi, alisema. — Nimesahihisha mkia, ng'ombe mwenyewe kanipita.

— Si kitu, Hajji, alisema Aciro. Naye alikuwa anacheka. Mti hauna mikono. Mti uliopakwa rangi aliweza kuuelewa.

Lakini Zubaida hakuwa amejibiwa, na alikuwa mtu wa kungoja.

— Sasa ukipotea, mwanangu? Rangi huioni tena. Utafanya nini?

Goretti hakufikiri hata kidogo.

— Nitakimbia.

— Kwenda wapi?

— Kumtafuta mama. Nakimbia, sigeuki, siiti. Mama alinifundisha.

Alilisema kwa kujivuna, kama mtu anayetaja hesabu ya saba mara nane. Afande Oyat, aliyekuwa anajua mtoto wa kaskazini hujifunzia wapi maneno kama hayo, aliinama akaanza kulirudisha tofali chini ya benchi, akaendelea kulisukuma hata lilipokwisha kukaa.

Aciro alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Povu la sabuni likamlowesha kitenge.

— Nilikufundisha mambo ya msitu mwingine, alisema.

— Upi?

— Wa zamani. Nitakuambia siku moja. Ule, aliyesimama alikuwa hatarini. Huu wa Jumatatu, aliyesimama ndiye anayepatikana. Pale getini jina lako limeandikwa kitabuni. Wakihesabu na wewe haupo, watarudi kukutafuta kwenye rangi nyekundu. Ukikimbia, wao wanatafuta huku, wewe uko kule. Umesikia?

— Nisimame tu?

— Usimame penye mti wa mwisho uliouona una rangi. Ushike huo mti. Halafu uite.

— Kwa nguvu?

Aciro alimfuta povu kwenye kiwiko. Neno hilo lilikuwa gumu kutoka.

— Kwa nguvu. Mpaka nyani wakasirike.

— Nisimame mpaka lini, mama?

— Mpaka watu waje.

— Na wasipokuja?

Sigiri ililia kidogo, kaa moja likavunjika. Aciro alikiona tena kile kibuyu, na mkono uliomshika bila kuuliza yeye ni mtoto wa nani. Kisha akaona mambo ya karibu: ncha ya benchi anayoachiwa mzee, chupa ya chai iliyo mkononi mwa Afande, Sufian aliyesimama juani toka mgeni alipofika.

— Watakuja, alisema. — Watu huja.

Afande alirudisha chupa kwa Zubaida, akajipapasa mifuko yote, akatoa funguo zake. Kati ya funguo ilining'inia filimbi ya chuma, imechakaa mdomoni. Alihangaika nayo kwenye pete kwa kucha zake kubwa mpaka ikatoka.

— Hii ilisimamisha wanaume mia mbili kwa mara moja, alimwambia Goretti. — Koo inachoka. Hii haichoki. Mara tatu, unapumzika, mara tatu tena. Jaribu.

Goretti alipuliza. Askari wawili vijana waliokuwa wanateremka kutoka kambini na mfuko wa nyanya wakasimama wima ng'ambo ya barabara, visigino pamoja.

— Endeleeni, vijana, Afande aliwaambia. — Si nyinyi.

— Unairudisha Jumatatu, alisema Sufian kumwambia mtoto, — la sivyo Afande atafunguaje nyumba.

— Filimbi haifungui nyumba.

— Mimi nitakuwa pale shuleni basi likirudi, Sufian alimwambia Aciro, kwa sauti ya chini zaidi. — Tuambiwe tu saa. Nitakuletea mtoto mpaka hapa kwa benchi. Usinilipe, bambi, tafadhali, hata usianze.

Goretti akarudi kwenye viatu vyake, filimbi shingoni. Zubaida alisimama, chupa imejaa. Mume wake, alisema, atakuwa amekauka juu ya ngazi kama rangi yenyewe. Aciro hakumkubalia alipie kahawa yake ya kwanza mtaani hapo. Halafu akaketi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi saa za kazi, akaishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa saa tano na nusu. Akabonyeza.

— Mwalimu Namata, mimi mama yake Goretti. Atakuja Jumatatu. Soksi anazo, viatu anavyo. Naomba unitumie namba ya pale getini, na saa mtakayorudi, niandike ukutani. Na akipotea, mwalimu, hatakimbia. Nimemwambia. Atasimama pale pale kwa langi ya mwisho.

Akauachia ujumbe, ukaenda.

Sufian alimgeukia Mzee Habib. Afande Oyat naye akamgeukia. Mzee alikuwa ameshafungua kinywa na kidole kimeinuka. Kisha akamwona Aciro, ambaye bado alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Akakishusha kidole, akachukua kikombe chake ambacho kilikuwa hakina kitu tena, akanywa.